Hatujambo, Ila

Jumatatu, 16 Machi

Mvua imeanza leo, na Bwana Kifungu naye ameanza leo. Wote wawili wameingia bila kupiga hodi.

Bwana Kifungu ni afisa afya wa mtaa. Jina nimempa mimi, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kutaja kifungu. "Kwa mujibu wa kifungu cha nne, mama, mzazi haingii ndani. Kwa mujibu wa kifungu cha sita, madirisha yote yawe wazi muda wote watoto wakiwemo." Nikamwonyesha mvua inavyoingia kwa upande mpaka mikeka imelowa. Akaitazama kwa muda, kama anayetafuta mvua nayo iko kifungu gani, kisha akasema, "Sogeza mikeka."

Nimesogeza mikeka. Kituo chenyewe ni sebule yangu. Zamani nilitoa makochi, nikatandika mikeka, nikabandika herufi ukutani, na watu wakaanza kuniletea watoto wao wakienda kazini. Ndicho kinachotulisha, mimi na mama. Nyuma ya sebule kuna korido fupi, jiko, na chumba cha mama kinachotazama ua. Mama ana kifua. Amekuwa nacho tangu mimi mdogo. Ukiwa jikoni unamsikia anavyovuta pumzi. Na ugonjwa huu mpya, kila ukiwasha redio, unawatafuta watu wa aina yake hasa.

Kwa hiyo kuanzia leo mlango wa korido unafungwa. Watoto upande huu, mama upande ule. Mpaka Ijumaa mama alikuwa akishinda sebuleni kwenye kiti chake, watoto wakimpanda na kumshuka wanavyotaka. Nimemwambia, "Ni kwa ajili yako, mama." Akasema, "Sawa, mwanangu." Basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, nikabaki na maneno yangu mdomoni.

Naandika wakati watoto wamelala usingizi wa mchana. Tumekatazwa kushikana mikono, na mikono yangu isipokuwa na kazi hainipi raha.

Jumanne, 17 Machi

Kipimajoto kimefika. Kina umbo la bastola, na watoto wanagombea nafasi ya kupigwa kwenye paji la uso. Mmoja ameanguka chini akafa vizuri sana, ikabidi tumsubiri afufuke ndipo foleni iendelee.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Mikeka.

Ijumaa, 20 Machi

Nina shida na kifungu cha tisa. Kinataka kila asubuhi, pale getini, nimuulize kila mzazi: je, nyumbani kwenu kuna mtu mwenye homa, au anayekohoa, au anayepumua kwa shida? Hebu fikiria. Mtu ametoka kitandani, amembeba mtoto, mvua inamnyeshea, salamu hajapata, nawe unamuuliza kama mumewe anakohoa. Mimi nina wazazi walionilea. Nilijaribu Jumatano kwa baba mmoja, akaniangalia kama nimemuuliza habari za nguo zake za ndani.

Kwa hiyo swali lote nimelikunja ndani ya salamu. "Hamjambo nyumbani?" nauliza, huku nikikaza sauti kidogo ili ajue ni swali la kikazi. "Hatujambo." Naweka alama, nampiga mtoto bastola, njoo unayefuata. Bwana Kifungu alisimama pembeni akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Alisema wenzangu wa vituo vingine wanawahoji wazazi kama wezi, na mimi tu ndiye ninayefanya kwa adabu. Nilivimba kichwa siku nzima.

Anayenifurahisha getini ni Mama Pacha. Wanawe wawili wanafanana mpaka nawatofautisha kwa viatu. Yule mama ana salamu za watu wa zamani: ataniuliza nimeamkaje, mama ameamkaje, kifua kinaendeleaje, mvua imetutendea nini, ndipo aage, na hata akiondoka hakupi mgongo.

Anayenikera ni Dobi. Anafua mashuka ya hospitali kuu, na ana binti mmoja ambaye tunamwita Bi Swali. Ukimwambia "hamjambo" hajibu kama watu wengine. Leo kasema, "Binti hajambo. Mimi nimeamka na mafua, koo linawasha. Sijui ni sabuni ya kazini au ni nini." Kwa sauti, na wenzake wamejipanga nyuma yake. Foleni nzima ilirudi nyuma kwa pamoja, mwenye mwavuli akamchoma mwenzake. Ikabidi nimrudishe yeye na binti yake nyumbani mpaka mafua yaishe, maana amekwisha kusema, na sheria ni sheria. Lakini mtu gani anajibu salamu hivyo?

Jumatatu, 23 Machi

Msaidizi wangu ni msichana tunayemwita Chekacheka kwa sababu hacheki. Leo kaniambia anapenda barakoa, kwa kuwa watu wameacha kumuuliza amekasirikia nini.

Jumatatu, 30 Machi

Dobi amepona, Bi Swali amerudi, na kelele zimerudi nyumbani. Kwa nini mvua haivai barakoa? Kwa nini tukiimba tunasimama mbalimbali na tukilala tunalala mbalimbali lakini choo ni kimoja? Hili la choo nimelipeleka kwa Bwana Kifungu. Ameahidi kuuliza wakubwa wake.

Baada ya chakula nilimtafuta Bi Swali nisimwone. Nikamkuta amelala kifudifudi kwenye mlango wa korido, mdomo kauweka kwenye uwazi wa chini.

"Bibi, wewe uko jela?"

Na mama, kutoka upande wa pili, naye bila shaka amejiinamisha na kifua chake kile: "Kidogo."

"Ulifanya nini?"

"Nilizeeka."

Mtoto akafikiri. "Utatoka lini?"

"Muulize shangazi yako."

Shangazi ni mimi, watoto wote wananiita hivyo. Nimemwinua Bi Swali kwa upole, nimemnawisha mikono na uso, kisha nikachukua taulo nikaziba ule uwazi. Pumzi hazina macho, zinapita popote. Jioni nilitegemea mama ataniuliza kuhusu taulo. Hakuuliza. Alikula, akashukuru chakula, akageukia ukuta.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimeosha midoli mara mbili na bado naiona michafu. Nafunga madirisha mvua ikizidi, nakumbuka kifungu cha sita, nayafungua, nakumbuka kifua cha mama, nayafunga. Chekacheka kaniomba nikae chini. Nilikaa. Nikaanza kupanga viatu.

Jumatatu, 6 Aprili

Siku mbaya.

Kundi la wazazi kwenye simu limechemka tangu juzi. Hawamtaji Dobi, wanasema "yule mwenzetu wa hospitali". Kwamba anashika mashuka ya wagonjwa. Kwamba alikohoa getini. Kwamba mwenyewe alikiri mbele za watu. Aliyenipigia kwa niaba yao ni Mama Pacha, na kwa sauti ile yake laini hata ubaya unasikika kama dua. "Dada, mimi binafsi sina neno. Wazazi ndio wana wasiwasi. Na wewe una mama mgonjwa ndani, sisi tunamfikiria yeye."

Hapo ndipo waliponipata. Kumfikiria mama ni ufunguo wangu, ukiushika utanifungua kila mlango.

Asubuhi nilimvuta Dobi pembeni, chini ya paa la jirani. Nikazunguka sana. Nikasema hali, nikasema kipindi hiki, nikasema si mimi. Alisubiri nimalize kuzunguka.

"Nimevunja kifungu gani?" akauliza.

"Hakuna kifungu."

"Mashuka yanachemshwa kabla sijayagusa. Naoga kule kule kazini. Nikiumwa nakwambia. Sasa nimekosea wapi?"

"Hujakosea, baba. Watu wanaogopa."

"Na wewe?"

Nikasema naogopa kwa ajili ya mama. Akasema sawa, hilo analielewa, ila amekasirika na ataendelea kukasirika. Alisema hivyohivyo, bila kupandisha sauti, kama anayenipa taarifa. Bi Swali alikuwa ameshavua viatu. Ikabidi nimsaidie kuvivaa tena. "Shangazi, umenikasirikia?" Nikamwambia hapana. "Basi kwa nini natoka?" Nilijifanya kamba za viatu zimenishinda, kumbe viatu vyenyewe havina kamba.

Nimefanya vibaya na ninajua. Lakini leo nikisikiliza nyuma ya mlango, mama anapumua vizuri.

Jumanne, 7 Aprili

Mama kauliza, "Yule wa maswali haumwi?" Nikamwambia baba yake amebadilishiwa zamu. Uongo umetoka laini, sikuamini ni mimi.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Bwana Kifungu amepita, ametusifu, ameondoka na mwavuli wangu.

Jumatano, 15 Aprili

Asubuhi mvua ilishuka yote kwa pamoja, foleni getini imefika barabarani. Mama Pacha akaanza salamu zake ndefu, ikabidi nimkate katikati, nikawavuta pacha ndani, maana wa nyuma walikuwa wanalowa. Kesho nitamwomba radhi.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimefua mapazia. Hayakuwa machafu.

Jumatatu, 20 Aprili

Wauza dawa ya kusafishia sakafu wametuchezea. Nimefungua chupa mpya, haina harufu hata kidogo, maji matupu yenye rangi. Nimepiga deki mara tatu ili angalau wingi ufidie. Mwili umechoka, kichwa kizito. Ni mapazia yale.

Jumanne, 21 Aprili

Mama ameirudisha supu. Kasema imekolea chumvi mpaka inawasha. Mimi nilipoionja niliona imepooza, ndiyo maana niliongeza. Tumecheka kidogo mlangoni, yeye ndani mimi nje. Kasema nimezeeka kabla yake.

Alhamisi, 23 Aprili

Nitaandika polepole, jambo moja moja.

Asubuhi Mama Pacha hakuja. Watoto walipokuwa wanaimba alipiga simu. Salamu zote zilikuwepo, hakuruka hata moja. Nimeamkaje, mama ameamkaje. Nikajibu hatujambo. Kisha akasema baba yao pacha amelazwa, amewekewa oksijeni, wamempima, ndio huo ugonjwa wenyewe. Pacha nao wamepimwa, wanao, ingawa wanarukaruka kama kawaida.

Nikamuuliza ameanza kuumwa lini. Akasema wiki iliyopita, tangu Jumanne.

"Jumanne? Na Jumatano uliwaleta watoto?"

"Nilikwambia, dada."

"Hukuniambia. Nilikuuliza hamjambo, ukasema hatujambo."

"Nilisema hatujambo, ila baba yao ameamka na homa. Ukanichukulia watoto mkononi. Nikajua umesikia, na kama ungeona ni tatizo ungenirudisha. Kesho yake ukaniuliza tena hamjambo, na mimi nitaanzia wapi? Nikasema hatujambo."

Nilikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakanifika kidevuni. Namkumbuka ile Jumatano, amesimama kwenye mvua, barakoa yake inapanda na kushuka. Niliona anasema kitu. Nilidhani bado anauliza hali ya mvua.

Ni nani kati yetu aliyewahi kusalimiwa akajibu moja kwa moja kwamba anaumwa? Mtu amelazwa, ana mrija puani, ukimwambia hujambo atakwambia sijambo, ila. Nyumba imeungua, hatujambo, ila. Hatujambo inatangulia kufungua mlango, habari yenyewe inakuja nyuma yake na viatu mkononi. Haya nayajua tangu nikiwa mtoto. Na mimi kila asubuhi, kwa kalamu yangu, nilikuwa naweka alama kwenye hatujambo na kufunga mlango kabla ya ila. Huu mwezi mzima sijamuuliza mtu yeyote chochote. Nimesalimiana na watu, basi. Aliyejibu nilichotakiwa kuuliza ni mmoja tu, nikamvika mtoto wake viatu nikamtoa.

Nikamwita Chekacheka. Nikamwambia fungua ile chupa ya dawa ya sakafu, unuse. Akaivuta kutoka puani haraka, machozi yakamlengalenga. "Kali sana," akasema. "Tangu Jumatatu nataka kukwambia upunguze, nyumba nzima inanuka." Nikaishika mwenyewe, nikaivuta kwa nguvu mpaka pua ikaniuma. Sikusikia kitu.

Tangu Jumatatu, basi, ugonjwa ulikuwa kwangu. Na kila siku, mchana na jioni, nimeufungua ule mlango niliouziba kwa taulo, nikamwingizia mama chakula kwa mikono yangu, na juzi tukacheka.

Watoto wamechukuliwa wote kabla ya saa sita. Kila mzazi nilimwambia kisa kizima kwa mdomo wangu, kuanzia Dobi mpaka chupa. Wengine walinipa pole, wengine walininyang'anya watoto. Bwana Kifungu alikuja, akabandika karatasi getini. Nilimweleza kuhusu salamu. Aliduwaa. Akasema naye alikuwepo, naye alisikia, naye aliona ni vizuri. Hakutaja kifungu chochote.

Mama nimemwambia nikiwa nje ya dirisha lake, uani, barakoa mbili usoni. Kasema, "Sawa, mwanangu." Kisha akakohoa.

Ijumaa, 24 Aprili

Anakohoa. Kasema ni mvua.

Jumapili, 26 Aprili

Gari la wagonjwa lilikuja asubuhi. Waliovaa nguo nyeupe mwili mzima walimtoa kupitia sebuleni, na alipofika katikati aliwaomba wasimame kidogo. Alikuwa hajaingia sebuleni tangu mvua zianze. Aliangalia herufi za ukutani, mikeka iliyokunjwa, kiti chake nilichokirundikia ndoo. Wakaendelea naye. Sikuruhusiwa kupanda gari. Mimi mwenyewe ni mgonjwa, natakiwa nibaki ndani, nijinuse peke yangu kama ningeweza kunusa.

Nimepanga viatu ambavyo wenyewe hawapo.

Jumanne, 28 Aprili

Wodini wanaruhusu simu moja mchana. Mhudumu alimshikia.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwanangu. Hapa wananitunza. Wewe je?"

"Mimi sijambo. Umekula?"

"Nimekula."

Nikamwambia nafurahi kusikia hivyo, apumzike, nitapiga kesho. Nikakata. Nilikuwa nimefika jikoni, nimeweka maji motoni, ndipo nikajiona mjinga wa mwisho duniani. Nikarudi mbio, nikapiga tena. Nilibembeleza mpaka mhudumu akanirudishia mama.

"Mama, salamu zimekwisha. Sasa nakuuliza. Unajisikiaje?"

Palikuwa na sauti ya mashine.

"Naogopa," akasema. "Pumzi inaishia njiani. Aliyekuwa kitanda cha pili wamemtoa alfajiri, wamemfunika." Akapumzika. "Na chakula sikukila."

Ningeweza kusema usiogope. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini mtu amekupa ukweli wake wote, halafu wewe umwambie aurudishe? Nikamwambia na mimi naogopa, na kwamba mimi ndiye niliyempelekea ugonjwa. Akasema analijua hilo tangu siku ya supu. Nilimsikiliza anavyovuta pumzi, kama nilivyomsikiliza maisha yangu yote nikiwa jikoni, mpaka mhudumu akasema imetosha.

Jumatano, 29 Aprili

Yuleyule. Nimemuuliza kweli, amenijibu kweli. Ni vibaya.

Ijumaa, 1 Mei

Vibaya. Sikulala, sikuandika, sikufua.

Jumatatu, 4 Mei

Amekula ndizi nusu. Kasema ilikuwa mbichi. Akianza kulaumu chakula mimi napata nguvu.

Leo jioni nimesikia harufu ya taulo lile la mlangoni, la unyevu, baya kabisa. Nimelinusa kama ua.

Jumamosi, 9 Mei

Mama amerudi.

Amekuwa mdogo. Gari lilimshusha getini, nikambeba mwenyewe mpaka chumbani, hana uzito wa kunichosha. Akizungumza anakata sentensi vipandevipande. Daktari amesema mapafu yamechoka, yakipigwa tena hayatainuka. Kasema hivyo mbele yake. Mama akamwambia asante, kama aliyesifiwa.

Jumatatu, 11 Mei

Sasa naruhusiwa kutoka. Nimekwenda mpaka lango la nyuma la hospitali, pale mashuka yanapopakuliwa, nikamngoja Dobi. Alitoka na aproni ya mpira, mikono imechujuka kwa maji.

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, nikamweleza habari zote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yako je?"

"Yuko nyumbani. Amepungua sana, anapumua kwa taabu."

"Nilisikia yuko wodi ya tatu," akasema. "Mashuka yao nilikuwa nafua mimi." Akakamua kona ya aproni. "Bado nimekasirika. Msamaha nimeupokea, lakini hasira haijaisha. Ikiisha nitamleta mtoto. Nitakwambia."

Nikamshukuru. Ni mtu pekee mjini ambaye nikiondoka kwake najua nimesimama wapi. Sijui kwa nini zamani jambo hilo lilinikera.

Jumatano, 13 Mei

Bwana Kifungu amekuja kubandua karatasi. Naweza kufungua Jumatatu. Akasita getini, akautazama mwavuli, ambao safari hii amenirudishia.

"Hiki si kifungu, mama. Ni ushauri wangu mwenyewe. Nyumba yenye mzee wa hali ile na nyumba yenye watoto ishirini haziwezi kuwa nyumba moja. Chagua."

Wala sikufikiri. Nimewaandikia wazazi wote kwamba kituo kimefungwa, si kwa muda, kimefungwa. Chekacheka nimempa mikeka aanzishe chake kwao. Alilia, na kwa mara ya kwanza nikaona anapolia anafanana na mtu anayecheka. Tutakula nini sijui. Nitashona, nitauza chochote. Nimebandua herufi ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu Machi mikono yangu imetulia.

Alhamisi, 14 Mei

Nilimhamishia mama sebuleni asubuhi, kwenye kiti chake. Madirisha wazi, jua la kwanza baada ya siku nyingi. Nikakaa miguuni pake, nimefurahi kama mtu aliyeleta zawadi.

Aliangalia ukuta. "Herufi ziko wapi?"

"Nimezitoa."

"Watoto wanarudi lini?"

"Hawarudi, mama. Nimefunga. Daktari amesema, afisa naye amesema nichague. Nimekuchagua wewe."

Nilidhani anatafuta pumzi. Kumbe alikuwa nayo.

"Hukuniuliza," akasema.

Nikaanza kumweleza: mapafu, ushauri, hatari. Akainua mkono.

"Siku ya mlango hukuniuliza. Siku ya taulo hukuniuliza. Yule mtoto ulipomtoa, uliniambia zamu. Watu wote wa mtaa huu umewauliza hali zao getini. Mimi niko humu humu ndani, mwanangu."

Kisha akaomba arudishwe chumbani. Nikamrudisha. Nimekaa sebuleni peke yangu, na sebule bila mikeka ni kubwa mno.

Ijumaa, 15 Mei

Asubuhi nilipiga hodi mlangoni kwake, jambo ambalo sijawahi kufanya katika nyumba hii. Akasema karibu. Nikakaa sakafuni.

"Mama, nauliza. Unataka nini?"

Alivuta pumzi, akaipumzisha, akavuta nyingine. Nilijizuia nisimsaidie jibu. Haikuwa rahisi, maana nilikuwa nayo majibu kadhaa tayari.

"Dirisha langu linatazama ua," akasema mwishowe. "Mvua zinakwisha. Waweke uani, chini ya bati. Wachache. Wasiingie ndani kabisa, wala wewe usiniletee chakula mpaka umeoga. Mimi nitakaa hapa dirishani, nivae kitambaa changu. Waniulize maswali kwa mbali." Akapumzika. "Nataka kusikia watu wadogo wakiishi. Kule wodini kulikuwa na mashine tu."

Nikamwambia daktari amesema mapafu yakipigwa tena hayatainuka. Akasema alikuwepo, alisikia, mapafu ni yake. Nikamwambia nitajaribu kufuata kila kifungu na bado linaweza kutokea jambo.

"Linaweza," akasema.

"Mama, mimi naogopa."

"Najua. Na mimi naogopa." Akageuza uso dirishani, kule uani kulikokuwa kutupu na maji bado yamesimama. "Walete."